Mabomba Mapya

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika na makelele yao ya salamu, maabara huwa yake peke yake. Huvaa koti jeupe linalompwaya mabegani, hufunga nywele kwa kitambaa, kisha huosha vichupa vya kioo kimoja kimoja na kuvipanga kwenye fremu ya mbao midomo chini, kama watoto walioambiwa walale na wasifumbue macho. Akimaliza huingia kwenye kichumba cha giza. Zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Sasa kina meza nyembamba, vigoda vitatu, pazia zito jeusi mlangoni, na taa ya urujuanimno ambayo mwanga wake hautoshi hata kusomea jina lako mwenyewe.

Lakini ukiweka mbele ya taa hiyo kichupa cha maji safi yaliyotiwa tone la kihisi chake, maji huwaka buluu. Yanawaka kimyakimya, bila moshi, bila joto, kama vile kuna mtu amekunja anga na kuliingiza chupani. Siri ilikuwa kwenye chembe za kaboni alizozipika mwenyewe kwa maganda ya machungwa, chembe ndogo mno, maelfu yake yangeweza kulala ubavu kwa ubavu juu ya unywele mmoja na nafasi ikabaki. Maji yakiwa na mabaki ya dawa za kuua vijidudu, zile wanazopewa watu na mifugo, chembe hizo hufifia. Mabaki yakizidi, hufifia zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote: kukaa gizani na kuangalia nini kinazimika.

Wenzake walimwita Kimya. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa tu mtu ambaye maneno yakimfika kooni hupiga hodi kwanza, na yasipofunguliwa hurudi yalikotoka. Dada wa mapokezi alizoea kusema kwamba siku Kimya atakapoulizwa mbele ya watu kama anakubali kuolewa, itabidi aitwe mkalimani.

Asubuhi hiyo alikuwa amechoka kabla ya kuanza. Macho yalimuuma kwa ile taa, na moyo ulimuuma kwa sababu nyingine. Alikuwa ameshika kichupa cha mwisho mkononi, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni, aliposikia viatu vizito kwenye korido. Havikuwa viatu vya mfagizi. Alivijua viatu vile. Alikuwa amevisubiri wiki kadhaa, hadi akaanza kujifundisha kutovisubiri.

Mlango ukafunguliwa, na Daktari akasimama pale.

Alikuwa daktari wa mifugo, na mtaa mzima ulimwita hivyo tu, hata wale waliomjua akiwa na kamasi. Leo hakufanana na daktari wa chochote. Buti zake zilikuwa na tope hadi magotini, shati limechomoka kwenye suruali upande mmoja, na mashavu yamembonyea. Mikononi alikuwa ameshika chupa ya maji, kaishika kwa viganja vyote viwili, kwa hadhari ile ya mtu aliyepewa yai la mwisho.

"Nimekuletea maji," akasema.

Kimya aliuliza kwa sauti ndogo maji gani asubuhi yote hii.

"Ya kisima chetu. Nimeyateka jogoo hawajamaliza hata kubishana." Akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa limechoka, lilisimama upande mmoja wa mdomo likashindwa kuvuka. "Sijaja peke yangu."

Nyuma yake, akihema kwa ngazi, alikuja mama yake.

Huyo ndiye Mama Mabanda. Mwili wake ulikuwa mkubwa, miguu imevimba vifundoni, na leso ya kujipangusia jasho haikumtoka kiganjani. Alikuwa mjane aliyefuga kuku tangu mwanawe hajaota meno ya utu uzima, na kila shilingi iliyomfanya mwanawe kuwa daktari ilikuwa imetagwa. Watu walimheshimu. Kimya alimwogopa, na alikuwa na sababu. Mama huyu alikuwa ametamka mbele ya majirani, na majirani hawana simile, kwamba hajapata kuona mkwe wa namna hii, wa kuchungulia maji yake kabla hata hajachungulia sebule yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia Mama Mabanda, akiitazama dari.

Mambo yalianza hivi. Daktari alikuwa na mazoea ya kuja pale na maji ya wafugaji wengine, na kila alipokuja alikaa kidogo zaidi ya siku iliyopita, mpaka dada wa mapokezi akaanza kumtengea kiti bila kuulizwa. Alimpenda Kimya waziwazi, kama mtu anavyopenda mvua. Siku moja, kwa majivuno ya mtoto wa kwao, alileta maji ya kisima cha mama yake. Alisema apime na hayo, ayaone maji yalivyo matamu, maana ndiyo atakayokuwa anakunywa akishaolewa.

Yalififia.

Sasa, chuma nacho kina tabia ya kuzima mng'ao, na kisima kile kilivuta maji kwa mabomba ya zamani yaliyoliwa na kutu. Kwa hiyo kuna kimiminika cha kushika chuma. Ukidondosha tone lake na mwanga ukarudi, mwizi alikuwa kutu. Usiporudi, mwizi ni mwingine. Kimya alidondosha siku ileile, Daktari akiwa amesimama nje ya pazia akipiga mluzi. Mwanga haukurudi. Akadondosha tena. Kisha pazia likasogezwa, uso ule anaoupenda ukaingia ukitabasamu, ukauliza, vipi, yanawaka? Na maneno yaliyokuwa kooni yakapiga hodi, yasifunguliwe, yakarudi. Mahali pake yakatoka mengine.

"Labda ni chuma," alimwambia. "Mabomba yenu ni ya siku nyingi."

Daktari akamwangalia, akasema kumbe. Siku iliyofuata akatuma ujumbe kwamba ana kikazi kidogo nyumbani, na tangu hapo akaadimika. Kimya alidhani mama ameshinda. Alirudia kipimo kila siku kwa maji yaliyobaki, kwa chujio jipya, kwa chembe mpya alizopika upya hadi maabara nzima ikanuka machungwa, akitafuta kosa lolote ambalo lingekuwa lake. Kosa la kipimo hakuliona. Shangazi yake, aliyemlea, alimwona hali chakula akamwambia aachane na mwanamume wa kuku, atakuja kunukia manyoya mpaka uzeeni. Kimya alicheka ili shangazi aridhike, kisha akaenda kulala na nguo za kazini.

Na sasa Daktari alikuwa anaeleza kikazi chenyewe kilikuwa kipi.

Alikuwa amechukua likizo yake yote. Alikuwa amefukua mabomba yote ya zamani, kutoka kisimani hadi kwenye tangi, kutoka kwenye tangi hadi kwenye bomba la uani, kwa jembe na sururu, kwa mikono yake, kwa sababu fundi angekata njia za mkato. Alitandaza ya plastiki. Tangi la bati alilisugua ndani mpaka akakohoa kutu. Hakumwambia kwa sababu alitaka aje na chupa, siyo na hadithi. Aliyasimulia yote hayo akiwa bado amesimama, na alipofunua viganja kumwonyesha, Kimya aliona malengelenge yaliyopasuka yakaota mengine juu yake.

"Mama amekubali," akasema Daktari. "Mwambie, mama."

Mama Mabanda alijishusha kwenye kiti taratibu, akalegeza kiatu kimoja ili mguu upumue.

"Nilisema hivi, na nitarudia," akasema. "Kama maji yangu yalikuwa machafu kwa sababu ya mabomba, mabomba yametolewa. Niyaone kwa macho yangu yakiwaka. Yakiwaka, Jumamosi nakwenda mwenyewe kwa shangazi yako kuposa, sitatuma mtu. Yasipowaka, binti, mimi na wewe tuachane kwa amani. Mwanangu amefukua uwanja mzima kwa ajili ya neno lako moja."

Neno lako moja.

Kimya angeweza kusema ukweli hapo hapo. Badala yake akaipokea chupa, akageuka, akaanza kufanya kazi, kwa sababu kazi ndiyo lugha pekee aliyoijua vizuri. Akachuja maji. Akatia tone la kihisi. Akatia na tone la kushika chuma, ingawa alijua halina mtu wa kumshika. Akaandaa na kichupa cha maji safi cha kulinganishia. Wakaingia wote watatu kwenye kichumba, magoti yakigusana, na Daktari akavuta pazia.

Giza likawameza. Alisikia pumzi ya mama, nzito, na ya mwanawe, ya haraka haraka kama ya mtoto anayesubiri zawadi. Vichupa viwili vilikuwa kiganjani mwake, vinafanana, kimoja kila upande wa kidole. Lilimjia wazo, na wazo lenyewe halikuwa na sura mbaya. Lilikuja kwa upole, likiwa limechoka kama yeye. Kinachotakiwa ni kuweka hiki na kukiacha kile. Nani atajua? Maji ni maji. Jumamosi si mbali.

Akaweka vyote viwili mbele ya taa.

Kimoja kikawaka buluu, mpaka Mama Mabanda akasema alaa, kwa sauti ya chini, bila kukusudia. Kingine kikabaki na rangi ya moshi.

"Hicho kinachowaka ndicho chetu," akasema Daktari.

Kimya akavitenganisha vichupa kwa kidole.

"Ndicho chetu, siyo?"

"Hapana."

Daktari akajikohoza. Akasema pengine kuna kipande cha bomba la zamani kimebaki chini ya ukuta, amekisahau. Akasema atafukua tena, haina shida, leo ana nafasi. Alikuwa ameshaanza kuinuka. Ni ile haina shida iliyomshinda Kimya.

"Usifukue," akasema. "Si kutu. Ni dawa. Ile ya unga wa njano, mnayowapa kuku kwenye maji."

"Haiwezekani."

"Ni hiyo."

"Mimi ndiye daktari wa mabanda yale," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira bado, ilikuwa ya mtu anayemweleza mwenzake barabara. "Dawa hiyo wanapewa wakiugua tu, kwa siku ninazoandika mimi. Na sijaandika tangu mwaka jana. Hebu rudia kipimo."

"Nimerudia."

"Umerudia saa ngapi, chupa si ndiyo nimekuletea sasa hivi?"

Taa ikavuma. Kisha Kimya akasikia pumzi ya Daktari ikibadilika, na akajua kwamba amefika mwenyewe, bila kuonyeshwa njia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile chupa ya kwanza."

Pazia likavutwa, mwanga wa korido ukaingia kwa nguvu. Daktari alikuwa ameinamia viganja vyake, anaviangalia kama vitu vya mtu mwingine. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, polepole, kwamba alipokuwa anachimba alikuwa akichoka sana, na kila alipochoka alijiambia, yule amesema ni chuma, na yule hasemi ovyo. Kisha akatoka. Viatu vizito vikaenda hadi mwisho wa korido, mlango wa uani ukafunguka, ukafunga.

Kimya alitaka kumfuata. Mkono wenye leso ukamkamata koti.

"Kaa," akasema Mama Mabanda. "Vuta hilo pazia."

Akalivuta. Wakabaki wawili, na kile kichupa cha buluu kikiwaangalia.

Mama yule alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mwanamke mwingine, mdogo zaidi. Alisema kulikuwa na mwaka ambao kuku wote walikufa. Aliamka asubuhi moja akafungua banda, na palikuwa kimya, na hakuna kitu kibaya kama banda la kuku lililo kimya. Mwanawe alikuwa chuoni. Alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, akakaa akiuza vocha barabarani mpaka kuku wengine wakakua. Tangu hapo, alisema, hakuweza kulala bila kutia kijiko. Kijiko kimoja kwenye kila pipa, kuku wawe wazima wasiwe wazima. Kuku wakishakunywa, yale yaliyobaki huyamwaga pale pale, na pale pale ni juu ya kisima.

"Mwanao hajui?"

"Mwanangu ni daktari. Angenikataza. Ningemtii vipi, na mimi ndiye ninayefungua mlango wa banda kila asubuhi?"

Kimya alitikisa kichwa gizani, akakumbuka kwamba haonekani.

"Ulidhani nakukataa kwa sababu gani?" akaendelea mama. "Kwamba huongei? Mkwe asiyeongea ni baraka. Kwamba shangazi yako ana maringo? Na mimi ninayo. Nilikukataa siku niliyosikia una taa ya kuonea dawa kwenye maji. Nikasema, huyu akiingia kwangu, mwanangu atanijua."

Akavuta pumzi. Kisha akasogea, kigoda kikalia, na akashika mkono wa Kimya. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye joto.

"Sasa sikiliza. Mambo haya yana dawa. Mfuate mwambie chombo chako kilikosea. Vyombo hukosea. Mimi nitapunguza kijiko polepole mpaka nimalize, wala hatajua mtu. Jumamosi nakuja kwenu. Nitakuja na dada zangu wote, nitakaa nitabasamu mpaka mashavu yaume. Umesikia? Utakuwa mwanangu. Wewe unyamaze tu, na kunyamaza unakujua."

Msomaji mwema, usimcheke Kimya kwa kukawia kujibu. Kile alichokililia kwa wiki zote hizo kilikuwa kimewekwa mapajani mwake, na kimewekwa na mkono uleule uliokuwa unamnyima. Alikuwa amechoka. Aliona Jumamosi ile, aliona shangazi akikimbilia kubadilisha mapazia, aliona shati la Daktari limenyooshwa. Ilikuwa ni neno moja tu, na hata neno lenyewe hakutakiwa aliseme. Alitakiwa anyamaze.

"Mama," akasema, "ni nani wengine wanaochota pale kisimani?"

Mama Mabanda aliachia mkono.

"Majirani. Unajua hivyo."

"Yule jirani mwenye mtoto wa sikio, naye?"

Daktari aliwahi kumsimulia Kimya habari za mtoto yule, ambaye sikio linatoa usaha na dawa za zahanati zinamwingia na kutoka kama maji. Kimya hakudai kwamba ni kijiko cha mama. Hakuna kipimo chake kingeweza kudai hivyo. Alimweleza tu, kwa maneno machache, kwamba dawa ikiwa kidogo kidogo kila siku haiui vijidudu, inavifundisha. Huizoea, kama mtoto anavyozoea kufokewa, mpaka siku unapomfokea kwa jambo la kweli hageuki. Na kuku nao ni hivyo. Siku ugonjwa wa kweli ukiingia mabandani, kile kijiko kitakuwa unga tu.

"Kwa hiyo hutasema hilo la chombo," akasema mama.

"Nitamwambia kosa langu. La kwako sitalisema, mama, hilo ni lako. Ila sitasema chombo kimekosea."

Alingoja kufokewa. Badala yake akasikia kitu kama kicheko, kikavu, kilichokufa kabla ya kumaliza.

"Mficha uchi hazai," akasema Mama Mabanda. "Nimezaa mmoja tu, naye nikamficha. Niletee kiatu changu, binti, kimenitoka kikaingia chini ya meza."

Kimya alipiga magoti, akapapasa sakafuni, akakipata. Mguu ulikuwa umevimba, haukuingia kirahisi. Alimvalisha taratibu, akilegeza kamba, kama anavyomvalisha shangazi yake siku za baridi.

Uani kulikuwa na sinki la saruji ambapo madumu ya maabara huoshwa. Daktari alikuwa ameliegemea, amefungua maji anayaacha yapite juu ya viganja vyake. Dada wa mapokezi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, aliwaona wakitoka mmoja baada ya mwingine, akaona nyuso zao, akaamua kwamba amesahau kitu getini.

Kimya alisimama hatua chache kutoka kwake. Alimwona akiwa na mgongo uliopinda, na shingo iliyoungua jua, na alitamani kuweka mkono pale kwenye shingo, auweke tu na kuuacha hapo. Hakuthubutu.

"Mwanangu," akasema Mama Mabanda kutoka mlangoni. "Funga maji hayo, unayapoteza."

Daktari akafunga.

"Binti hajakosea. Dawa naitia mimi. Kila siku."

Akamweleza. Alimweleza akiwa ameshikilia kizingiti, bila kulia wala kujitetea, mwaka wa banda lililonyamaza, kijiko, mapipa, mahali anapomwagia. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Usoni mwake yalipita mambo mengi na hakuna lililokaa. Alipokuja kusema, aliuliza kama anatia hata siku anazokuwepo yeye mwenyewe bandani. Mama akasema siku hizo hutia kabla hajaamka. Na ule mwongozo aliomwandikia kwa herufi kubwa, akaubandika ukutani? Mama akasema ni mzuri sana, majirani wote huusifu.

Daktari akakaa kwenye ukingo wa sinki kama mtu aliyekatwa miguu. Akaanza kucheka, cheko la uchovu lililomtingisha mabega bila kutoa sauti, akajifuta uso kwa mkono wa shati lenye tope, na tope likabaki shavuni.

"Basi mimi ni daktari wa nini," akasema. "Mama yangu ananificha dawa, mchumba wangu ananificha maji. Nimezungukwa na wanawake wanaonipenda, na mimi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa kinachoendelea kwangu."

"Usimchanganye na mimi," akasema mama. "Mimi nimekuficha miaka. Yeye ni mwanagenzi."

"Mama, naomba utuache kidogo."

Mama Mabanda alimwangalia mwanawe, akamwangalia Kimya, kisha akarudi ndani akiburura mguu mmoja. Hakwenda mbali. Dirisha la korido lilikuwa wazi, na kivuli chenye leso kikatulia pembeni yake.

Wakabaki wawili. Jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta, likawapiga usoni wote, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusogea.

"Dawa nitaimaliza," akasema Daktari. "Leo hii. Nitakaa na mama, nitachimba shimo la kumwagia mbali, nitawaambia majirani wasichote kwa sasa. Hilo ni langu, na ni aibu yangu, nitaibeba. Sikukasirikii hilo." Alikuwa anaongea na buti zake. "Ninachouliza ni kimoja. Uliniona nimesimama pale, ukajua, ukaniambia kitu kingine. Kwa nini?"

"Nilidhani labda..."

"Hapana. Usinipe labda. Tangu nikujue nimekula labda asubuhi na jioni. Nikikuuliza kama unanipenda, unacheka unaangalia vichupa. Nikikuuliza tuoane, unasema tuone mama atasemaje. Nimechimba uwanja mzima kwa kukisia, Kimya. Mikono hii inauma. Siwezi kukisia tena. Kama hunitaki, niambie, nitaondoka na mama yangu, na maji ya wafugaji nitakuwa namtuma mtu mwingine alete. Sitakuchukia. Nimechoka tu."

Akainuka. Akachomekea shati vizuri upande ule uliotoka, jambo dogo, la mtu anayejiandaa kutoka nyumba ya watu. Akapita mbele yake kuelekea mlangoni, karibu kiasi kwamba Kimya alinusa udongo mbichi na jasho na sabuni ile ya kipande anayoipenda.

Maneno yakamfika Kimya kooni. Yakapiga hodi.

Safari hii hakungoja yarudi. Akamshika mkono wa shati, pale penye tope, akaushika kweli, na alipofungua mdomo sauti iliyotoka ilimshangaza hata mwenyewe, maana ilivuka uani, ikapita dirishani, na huko mapokezi kiti kikasikika kikisogezwa.

"Niliogopa ungekwenda na usirudi, ndiyo maana nikasema chuma. Lilikuwa kosa, na si kwa sababu sikupendi. Nakupenda. Nakupenda mpaka nashindwa kuosha vichupa. Nataka unioe, posa ije Jumamosi hii au nyingine yoyote. Na nikishaolewa, maji ya kisima cha mama nitayapima, na yakizima nitasema siku hiyohiyo, mezani, mbele ya wageni, hata mkininunia wote wawili."